Haijafika Arobaini

Kanja nzima hakuna aliyejua kuhesabu pumzi kama Jedidah Muthoni, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko alivyotaka kukubali. Kwa miaka tisa alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wale watu wanaopewa mkoba, fulana na shukrani nyingi, kisha wanaambiwa malipo yao yako mbinguni. Mkobani alikuwa na utepe wa kupima mikono ya watoto, daftari, kadi ya hesabu za pumzi, na saa ndogo ya kubonyeza iliyohesabu dakika moja na kulia. Akina mama walimletea watoto wanaokohoa hata kabla ya kuku kutolewa nje. Jedidah alikuwa akiketi, anamwambia mama amnyonyeshe mtoto atulie, anafunua shati, anabonyeza saa. Kifua kikipanda, moja. Kikipanda tena, mbili. Hakuzungumza na mtu mpaka saa ilie, na ole wako umsemeshe katikati.

Hesabu yenyewe aliwafundisha wanawake uwanjani pa kanisa, wakipiga makofi. Mchanga wa chini ya miezi miwili, sitini. Wa chini ya mwaka, hamsini. Wa chini ya miaka mitano, arobaini. Ikifika hapo usiulize, beba mtoto ukimbie! Usimcheke. Kuna watoto wanne, labda watano, wanaokwenda shule Kanja leo kwa sababu mwanamke huyu alihesabu sawasawa na akawafukuza mama zao mpaka zahanati huku wakilia. Wanakijiji walimwita daktari, na hakuna aliyesema kwa mzaha isipokuwa mumewe.

"Daktari, leo umehesabu mapafu mangapi?" Njoka alikuwa akimuuliza kila jioni akivua gamubuti mlangoni.

"Ya kwako bado."

"Na hutayahesabu."

Njoka alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alichuma majani chai yake mwenyewe alfajiri, kisha alipasua mbao za watu mpaka saa kumi. Tangu waoane hakuwahi kumeza hata tembe moja ya kutuliza maumivu. Kwake ugonjwa ulikuwa jambo la watu wanaokaa ofisini. Jedidah alimlalamikia kwa hilo, lakini moyoni alijivunia. Wanawake wengine walikuwa na waume wa kubembelezwa na uji. Wake alikuwa mlima.

Sasa, ile kadi ya Jedidah, ile yenye sitini, hamsini na arobaini, iliishia miaka mitano. Chini ya hapo palikuwa na nembo na namba ya simu. Miaka tisa alikuwa nayo na hakuwahi kujiuliza kwa nini iliishia hapo.

Ilikuwa Alhamisi ya Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani wiki mbili nzima na jua lilikuwa limesahaulika. Njoka alikwenda kumsaidia jirani yake Kithaka, mwendesha bodaboda, kuvuta gogo la mkaratusi lililoangukia njia. Alirudi saa nane, saa ambayo hakuwahi kurudi, akaingia kitandani na nguo zake zenye matope. Jedidah alimkuta anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta.

"Ni baridi tu, Mama Mukami," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni, meno yakigongana. "Ongeza blanketi."

Aliongeza tatu. Akachemsha chai ya tangawizi. Njoka akanywa nusu, akajishika ubavu wa kulia chini ya mbavu, akakunja uso.

"Nini hapo?"

"Hilo gogo. Limenivuta msuli. Nikivuta hewa ni kama mtu ananidunga na sindano ya magunia."

Mama yake Njoka, Marcella, alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya uwanja, na hakuna kilichotokea nyumbani pale bila yeye kukisikia. Alikuja na mkongojo wake, akasimama mlangoni, akamwangalia mwanawe kitambo.

"Hicho ni kichomi," alisema.

Jedidah akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyehudhuria semina. "Mami, kichomi ni maneno ya zamani. Siku hizi kuna vipimo."

"Haya. Wewe ndiye daktari," Marcella akasema, akarudi kwake.

Ijumaa homa ilipanda. Njoka akaanza kukohoa, na kila akikohoa alishika ubavu kwa mikono miwili. Makohozi alikuwa akiyatemea kwenye kopo na kulifunika, lakini Jedidah alilifunua akaona rangi ya kutu, kama maji ya bati la zamani. Akaenda kuchukua mkoba.

"Leo ndiyo leo," Njoka alisema alipoiona ile saa, na akajaribu kucheka, kicheko kikakatikia ubavuni.

Akafunua shati, akabonyeza, akahesabu. Thelathini na mbili. Akahesabu tena, maana ndivyo alivyofundishwa. Thelathini na mbili. Akaandika daftarini tarehe, saa na hesabu kwa mwandiko wake mzuri wa mtu aliyetaka kuwa mwalimu.

Sasa nisikilize vizuri, maana makosa yote yako hapa, na hayakuwa ya ujinga. Mjinga angeona mtu anahema akamkimbiza hospitali. Jedidah alifikiri. Alifikiri hivi: mtoto wa miaka minne, mapafu yake kama viganja viwili, tunamngoja mpaka arobaini ndipo tuseme ni nimonia. Mwanamume mwenye kifua kama cha Njoka, mapafu makubwa hivyo, atakuwa na nafasi zaidi. Akiwa chini ya arobaini basi yuko mbali na hatari. Isitoshe nimonia ni ya watoto, na wazee, na wale wenye maradhi mengine ya kudhoofisha mwili. Njoka alikuwa na nini? Hakuwa na kitu.

Na kulikuwa na jambo lingine. Mwezi wa tatu alikuwa amemtuma mzee mmoja zahanati kwa wasiwasi wake tu, bila kipimo chochote kumwonyesha hatari, na mzee akakutwa na mafua. Muuguzi alimwambia mbele ya foleni yote, "Mama, usitujazie watu wa mafua hapa. Una kadi. Fuata kadi." Watu walicheka. Jedidah alirudi nyumbani kwa njia ya mtoni ili asikutane na mtu, na maneno yale yakakaa kichwani kama sheria.

Jumamosi asubuhi, thelathini na sita. Adhuhuri, thelathini na nane. Njoka alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, kwa kuwa kulala kulimkaba. Pua zake zilikuwa zinapanuka kila akivuta hewa, jambo ambalo Jedidah angeliona kwa mtoto wa mtu mwingine kutoka barabarani.

Pikipiki ikalia langoni. Kithaka alikuwa amesikia.

"Mama Mukami, nimekuja kumbeba," alisema bila kuzima injini. "Mtu wangu hajatoka nje tangu Alhamisi. Hii si kawaida ya Njoka. Nimpeleke hospitali mjini Embu?"

Jedidah alirudi ndani. Njoka alimtazama, na katika miaka kumi na saba ya ndoa Jedidah hakuwahi kumwona na macho yale. Yalikuwa macho ya kuomba.

"Hebu niambie ukweli," Njoka alisema, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Mimi... ninaona... twende."

Mtu ambaye hakuwahi kuomba hata maji! Akipewa, anakunywa, asipopewa, anajichotea. Leo alikuwa anaomba hospitali kwa mdomo wake mwenyewe. Jedidah alisimama na daftari mkononi. Aliwaza foleni, muuguzi, vicheko. Aliwaza njia ya kwenda mjini katika ukungu ule, mgonjwa mwenye homa amekaa nyuma ya pikipiki anapigwa na baridi. Alitazama hesabu yake. Thelathini na nane.

"Haijafika arobaini, Baba Mukami," alimwambia kwa upole, na akamgeuzia daftari aone. "Angalia. Ikifika tu, tunaenda saa hiyohiyo. Ukipigwa na baridi ya pikipiki sasa ndiyo utazidiwa."

Njoka aliangalia zile tarakimu kwa muda mrefu. Kisha akafumba macho.

"Basi. Wewe ndiye unajua."

Jedidah akatoka nje, akamwambia Kithaka, "Asante, lakini rudi tu. Haijafika."

"Haijafika nini?"

"Kipimo."

Kithaka alikuna kichwa chini ya kofia, akageuza pikipiki shingo upande, akaondoka. Alikuwa mtu wa kuheshimu kazi ya mwenzake.

Jumapili asubuhi ilikuwa thelathini na nane ileile, na Jedidah alimshukuru Mungu kwa sauti. Haikupanda! Ugonjwa ulikuwa umegota. Aliona hata kama Njoka ametulia, hasumbuki tena na ubavu, halalamiki. Baada ya ibada akina mama wa kanisa walikuja na ndizi na maziwa, wakaimba, wakaomba, na mmoja akasema kwamba Njoka ana bahati kulala nyumba moja na daktari. Jedidah alikanusha kwa unyenyekevu ambao haukumtoka moyoni.

Wageni walipoondoka, saa tisa, Njoka alimwambia akamfungie ng'ombe Kanyua. Kanyua walikuwa wamemuuza miaka sita iliyopita.

"Baba Mukami?"

"Anakula kabichi za Mami. Mfunge."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau zilizokaushwa, na kucha vilevile. Jedidah alibonyeza saa. Arobaini na nne. Akapiga kelele mpaka Marcella akatoka bila mkongojo.

Kelele zilimfikia hata Kithaka. Alikimbia kwa ndugu yake akaleta pikapu, wakamlaza Njoka nyuma juu ya godoro, kichwa chake mapajani mwa mkewe. Njia nzima Jedidah alihesabu. Hakukuwa na haja tena lakini hakujua kufanya jambo lingine lolote. Alihesabu mpaka wakaingia mjini, wakapita nyumba za mtaa unaoitwa Dallas, na watu waliovaa nguo za Jumapili walikuwa wamesimama wanazungumza nje ya maduka kama kwamba ulimwengu uko sawa.

Katika hospitali kubwa walimpokea haraka. Daktari wa zamu alikuwa msichana kutoka upande wa Meru, Mwendwa jina lake, mwembamba, koti limemzidi mabega. Hakupoteza hata dakika. Oksijeni, sindano za mishipa, dripu, picha ya kifua. Picha ilipokuja aliishika mbele ya dirisha. Pafu la kulia lilikuwa jeupe lote, na la kushoto lilikuwa limeanza kuwa jeupe kutoka chini.

"Nimonia ya bakteria," alisema. "Kali sana. Na presha yake inashuka, maana yake imeingia kwenye damu. Ana ugonjwa mwingine wowote?"

"Hana," Jedidah alisema. "Hajawahi kuugua."

"Alianza kuhema hivi lini?"

Hapo Jedidah alitoa daftari. Naam, alilitoa, na usimlaumu, kwani katika siku ile nzima lilikuwa kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho. Daktari Mwendwa alisoma ukurasa kutoka juu hadi chini.

"Nani ameandika haya?"

"Ni mimi. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji."

"Yamepangwa vizuri sana," daktari alisema polepole. Akasoma tena. "Mama, Ijumaa alikuwa thelathini na mbili. Jana thelathini na nane. Mbona hamkuja?"

"Haikuwa imefika arobaini. Imefika leo, saa tisa. Tukaja palepale."

"Arobaini ya nini?"

Jedidah akamtajia. Sitini, hamsini, arobaini. Alimtajia kwa utaratibu uleule wa uwanjani pa kanisa, ila bila makofi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitu kizito.

"Hiyo ni ya watoto, mama. Mtoto hupumua haraka kwa sababu ni mdogo. Anavyokua, hesabu inashuka. Mtu mzima hupumua mara kumi na mbili, kumi na sita, ishirini hivi. Akifika thelathini, tunamhesabu mahututi."

Sitini. Hamsini. Arobaini. Kila hatua ya umri ilikuwa inashuka kumi. Aliiimba kwa miaka tisa, inashuka, inashuka, na hakuwahi kuweka mguu kwenye hatua inayofuata. Mtoto wa darasa la pili angeiona.

"Ningemleta jana?" aliuliza.

Daktari Mwendwa alikuwa bado mchanga katika kazi na hakuwa amejifunza kudanganya. "Jana ingekuwa tofauti," alisema. Kisha akaongeza haraka, "Lakini huu ugonjwa hauangalii kifua cha mtu, mama. Wengine tunawapata mapema na bado..." Jedidah hakuusikia mwisho wa sentensi.

Jumatatu asubuhi Njoka alipata fahamu kidogo. Barakoa ilikuwa imemfunika nusu ya uso. Alimtafuta mkewe kwa macho, akampata, akasogeza midomo. Jedidah aliinama. Hakusikia sauti, ila aliliona neno lenyewe chini ya ile plastiki.

Ngapi?

"Imeshuka," alimwambia. "Imeshuka sana, Baba Mukami."

Njoka akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaridhika. Alimwamini tena. Saa nne na dakika kumi alikufa, jua likiwa limetoka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Walimzika Ijumaa. Nusu ya Embu ilikuja, maana hakuna nyumba kule juu ambayo haikuwa na ubao uliopasuliwa na Njoka. Mchungaji alihubiri kuhusu siri za Mungu. Kisha akamwomba mjane asimame. "Ndugu zangu," akasema, "marehemu hakukosa matunzo. Alikuwa na daktari ndani ya nyumba yake. Huyu mama alimpima asubuhi na jioni, akaandika yote. Binadamu angefanya nini zaidi?" Watu wakasema amina.

Jedidah alikuwa ameapa atasema. Tangu Jumatatu alikuwa ameyabeba yale maneno kinywani kama kaa la moto. Akashika kipaza sauti.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema. "Aliomba kwenda. Pikipiki ilikuwa langoni. Nikairudisha. Nilihesabu vibaya, nilimhesabu kama mtoto, mimi..."

Hawakumwacha amalize. Wanawake wanne walimdaka wakidhani anaanguka. Mmoja alimfunika kwa leso, mwingine akawa anasema pole, pole, ni uchungu unasema, kila mjane husema hivyo. Kwaya ikaanza wimbo kwa sauti ya juu ili kumsitiri. Jedidah alipiga kelele ndani ya leso, na kadiri alivyopiga ndivyo walivyoimba. Kithaka alikuwa amesimama na koleo karibu na kaburi, anafuta machozi kwa kiganja, naye pia alisema amina.

Watu walipotawanyika, kabla giza halijaingia, Marcella alivuka uwanja akaja kuketi naye jikoni. Sufuria za matanga zilikuwa zimerundikwa ovyo, na mtu alikuwa amemwaga chai sakafuni bila kuifuta.

"Ulikuwa unasema kitu," Marcella alisema. "Wamekuzibia. Niambie mimi."

Jedidah akamwambia. Hakuficha hata moja. Alimweleza kadi, na muuguzi, na pikipiki, na yale macho ya Jumamosi. Marcella hakuwahi kukaa darasani, lakini alikuwa ameuza maharagwe sokoni kwa miaka arobaini na hakuna aliyewahi kumpunja.

"Mtoto ni arobaini," alisema.

"Ndiyo, Mami."

"Na mtu mzima?"

"Thelathini."

"Na hiyo siku pikipiki ilikuja, alikuwa na ngapi?"

"Thelathini na nane."

Kikongwe alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza kidogo. Jedidah alitamani apigwe. Angepigwa na ule mkongojo mpaka uvunjike angeshukuru. Alipiga magoti sakafuni juu ya ile chai iliyomwagika, akaishika miguu ya mama mkwe wake, akaomba msamaha kwa Kiembu na kwa Kiswahili na kwa kila neno alilokuwa nalo.

Marcella aliiondoa ile mikono mmoja baada ya mwingine, bila hasira, kama mtu anayetoa majani yaliyonasa kwenye sketi.

"Mwanangu alikuwa mtu mzima, Jedidah," alisema.

Tangu Jedidah aolewe katika boma lile Marcella hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mukami, mama wa yule binti aliyepewa jina la kuzaliwa la Marcella mwenyewe. Kikongwe aliinuka, akatoka, akavuka uwanja mpaka nyumbani kwake, na komeo likasikika likiingia.

Marcella hakumwambia mtu yeyote, si siku ile, si baadaye. Jumatatu iliyofuata mwanamke mmoja alisimama langoni na mtoto mgongoni anayekohoa, akabisha hodi, akaita daktari. Jedidah alikuwa ameketi kitandani, upande wa Njoka. Alimsikia vizuri, wala hakuinuka. Mwanamke aliita mara ya pili, na ya tatu, kisha akaanza kuuliza majirani kama kuna mtu nyumbani.